Nasaha ya Mavazi na Riziki ya Wahitimu wa Ubunifu

Kila mwaka vyuo vya Afrika ya Mashariki vinavyofundisha ubunifu wa mavazi, kuanzia vituo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) vilivyoenea mikoani Tanzania tangu mamlaka hiyo iwekwe kwa sheria ya mwaka 1994, hadi Chuo Kikuu cha Kenyatta na vyuo vya binafsi vya Nairobi na Kampala, huwaaga vijana walioshika mkasi, chaki na futi ya kamba kwa muda wa kutosha kuitwa mafundi, wakajifunza kuchora, kukata, kushona na kudarizi, na ambao katika maonyesho yao ya mwisho huwavalisha wenzao libasi za kupendeza mbele ya wazazi na walimu, kisha hushuka jukwaani wakakabiliwa na swali moja ambalo mtaala haukuwajibu: ni nani atakayenunua, na atanunua nini hasa?

Wengi wao hujibu kwa kutaja jina. Hutamani nembo iliyoshonwa ndani ya ukosi, duka lenye vioo, na mwaliko wa kuonyesha kazi zao katika Swahili Fashion Week, tamasha lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008 na Mustafa Hassanali, mbunifu aliyesomea udaktari kabla ya kuingia katika sanaa hii. Tamaa hiyo ni halali, na wapo walioifikia. Ann McCreath aliianzisha KikoRomeo jijini Nairobi mwaka 1996, na nyumba hiyo ya mavazi imedumu hata binti yake akaishika. Lakini idadi ya majina ambayo soko letu linaweza kuyabeba ni ndogo, na jukwaa, kwa uzuri wake wote, ni tangazo tu. Rai yangu ni kwamba riziki ya wengi wa wahitimu hawa imo katika kazi ambayo bado haijapewa hadhi yake, nayo ni kumshauri mtu wa kawaida, mwalimu wa shule, karani wa benki, mama mzaa chema, kijana anayekwenda kuposa, juu ya vazi linalomfaa yeye na shughuli yake, na kuitoza nasaha hiyo thamani yake.

Sababu ya rai hii ni hali ya soko lenyewe. Mshitiri wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anayetaka nguo ana mtumba, ana nguo mpya zilizoshonwa Uchina na Uturuki ambazo zimejaa Kariakoo kuanzia barazani hadi ghorofani, na ana fundi wake wa mtaani aliyeketi na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mhitimu hana nguvu ya kupigana na mtumba kwa bei. Serikali zenyewe zilijaribu zikashindwa: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuuondoa mtumba sokoni kidogo kidogo hadi ukome mwaka 2019, Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda peke yake ikalishika neno lake, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kila kilo, na Marekani ikaijibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo zake msamaha wa ushuru uliokuwa ukitolewa chini ya sheria ya AGOA. Kwa hiyo robota la mtumba litaendelea kufunguliwa katika masoko ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam, alfajiri ya kila siku, na mhitimu anayesubiri lifungiwe mlango wa bandari ndipo afungue duka lake anasubiri jambo ambalo hata marais hawakuliweza.

Kitambaa nacho kina shida yake. Pamba ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza, sehemu kubwa yake, husafirishwa nje ingali mali ghafi, na kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina hakina tena enzi ile ya kuivisha nchi. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka 2007 ili kukifufua, na juhudi hiyo inastahili sifa. Lakini aghalabu jora analolikata mbunifu wetu leo limefumwa ng'ambo, na bei yake hupanda na kushuka pamoja na dola. Ikiwa kitambaa si chake, na bei ya kitambaa si yake, mhitimu hubakiwa na mali mbili tu za kuuza, ustadi wa mkono na maarifa ya kichwani. Mkono umekwisha kupata wapinzani wengi. Maarifa, ambayo ndiyo hasa aliyoyalipia karo, huyatoa bure.

Tazama jinsi nguo ya kushonwa inavyopatikana siku hizi. Zamani ukuta wa kibanda cha fundi ulibandikwa mabango ya picha za mishono, kila mmoja na namba yake, na mteja akanyoosha kidole. Leo mteja huja na simu, akamwonyesha fundi picha ya mwanamke wa Lagos au Accra aliyevaa lesi nzito iliyotiwa bitana na kupigwa picha akiwa amesimama wima chini ya taa, akamkabidhi yadi sita za kitenge chepesi cha pamba, akasema, "Nishonee hivi hivi." Fundi ana kodi ya pango na watoto wa shule, naye hujibu kwamba ameelewa. Hakuna baina yao aliyeuliza kama kitambaa kile kinaweza kusimama kama lesi, kama mabega ya mteja ni mabega ya yule wa pichani, au kama shughuli yenyewe ni ya saa nane mchana katika ukumbi usio na feni. Nguo huja siku moja kabla ya sherehe, haikai, na kinachofuata kila msomaji anakijua, lawama, machozi, na kitambaa cha fedha nyingi kuwekwa sandukuni kisivaliwe tena. Hasara hii hutokea kila wiki katika kila mtaa wa miji yetu, na ukiijumlisha utaona kwamba watu wetu wanalipa gharama ya kukosa ushauri, ila wanailipa baadaye na hawapati kitu.

Hapo ndipo mahali pa mhitimu. Aliyesoma vizuri hujua kwamba kitenge cha pamba ni sharti kirowekwe na kukaushwa kabla hakijakatwa, kwa sababu kikinywea baada ya kushonwa hakuna fundi wa kukinyoosha. Hujua kwamba ua kubwa la kitenge likiachwa liangukie popote huweza kumharibia mvaaji umbo, na kwamba linapopangwa liwe katikati ya kifua, au likikutanishwa sawasawa kwenye mshono wa ubavu, nguo ya bei ndogo hupata haiba ya nguo ya bei kubwa. Kanga ina pindo, mji na jina, na anayetaka kuikata gauni lazima aamue kwanza pindo litakaa wapi, kwenye upindo wa chini, kifuani au mikononi, maana pindo likikatwa ovyo kanga hupoteza kile kilichoifanya ipendwe tangu maduka ya Barabara ya Biashara huko Mombasa yalipoanza kuiuza. Bitana ya nailoni humtesa mvaaji wa pwani katika joto la Januari, na ile ya pamba humpa raha, ingawa tofauti ya bei ni ndogo. Akiba ya mshono ikiachwa pana kwenye kiuno, gauni litamfuata mwenyewe kwa miaka kadhaa akinenepa au akikonda. Mambo haya yote hayaonekani katika picha ya simu, na ndiyo yanayoamua kama nguo itavaliwa mara moja au mara mia.

Nasaha nzuri huanza kwa maswali, tena maswali ya adabu. Unakwenda wapi, saa ngapi, utaketi au utasimama kuwapokea wageni, utapanda gari au bodaboda, una viatu gani tayari, nguo gani nyumbani uipendayo kuliko zote na kwa nini? Mshauri huliuliza hilo la mwisho kwa makini sana, kwa sababu nguo ambayo mtu huirudia bila kuambiwa humfunulia mshauri mkato unaomkaa na rangi inayomng'arisha, kuliko maelezo ya saa nzima. Kisha hutazama murua na dini ya mteja wake: mwanamke wa Zanzibar anayevaa abaya hahitaji kuambiwa aiache, anahitaji mtu wa kumwonyesha upana wa mkono usioingia katika sufuria na darizi isiyofifia kwa kufuliwa, na mwanamume wa Lamu anayeagiza kanzu ya Idi anastahili kuambiwa ukweli juu ya urefu wake na uzito wa kitambaa, ili kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ambayo imechukua wiki nyingi kutobolewa na kutiwa nakshi, ipate vazi la kuistahili. Mara nyingine nasaha bora ni kumwambia mtu asishone, avae kile alicho nacho kikirekebishwa kiuno. Mshauri anayethubutu kusema hivyo hupoteza ujira wa siku moja akapata mteja wa maisha.

Hata mtumba, adui yule, hugeuka kuwa malighafi mikononi mwa mshauri. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa mwili wa mtu mwingine wa nchi nyingine, na ndiyo maana kando ya kila soko la mitumba wamekaa mafundi wa kurekebisha. Mfanyakazi mpya wa ofisi mwenye fedha kidogo akipata mtu wa kumchagulia sketi tatu na makoti mawili yanayooana rangi, akazikata upya zimkae, atakuwa na mavazi ya wiki nzima ya kazi kwa gharama isiyofika bei ya suti moja ya dukani. Wapo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam waliokwisha kuifanya kazi hii kuwa biashara kamili, wakichagua asubuhi, wakirekebisha mchana, na kuwapelekea wateja wao jioni.

Lakini shamba kubwa zaidi la nasaha, kwa maoni yangu, ni sherehe. Hakuna uchumi wa mavazi wa Afrika ya Mashariki unaoweza kuelezwa bila harusi, na mambo yanayoiandama, kumuaga bibi arusi, kumfunda, mapokezi, na vikao vya kamati ambavyo huamua, pamoja na mchango na chakula, sare. Kamati huchagua kitambaa kimoja, aghalabu kwa rangi tu, kikagawiwa kwa shangazi wa miaka sitini, mama mjamzito, binti mwembamba wa chuo na wifi mnene, na kila mmoja akaenda kwa fundi wake na picha yake. Matokeo yake huonekana ukumbini: kitambaa kimoja, na nusu ya waliokivaa wana kiwewe. Mhitimu mwenye busara hangojei wanawake hawa waje mmoja mmoja. Huiendea kamati mapema, akaishauri juu ya kitambaa chenyewe, akapendekeza mikato mitatu au minne inayotokana na jora lile lile, kila mkato kwa umbo na umri wake, akapima wote kwa siku moja, akapanga ratiba ya kushona na mafundi watatu wa mtaani, akapokea malipo ya awali na kuandika mapatano. Kwa kazi ya namna hiyo hupata fedha za nguo ishirini kwa mazungumzo ya mara moja, na ishirini waliotoka ukumbini wakiwa wameridhika ni tangazo lisilolipiwa. Aijue pia kalenda ya biashara yake: pwani harusi husongamana mwezi wa Shaaban na baada ya Mfungo Mosi kuandama, kumi la mwisho la Ramadhani mafundi hawalali, na bara Desemba hubeba sehemu kubwa ya mapato ya mwaka. Asiyeweka akiba katika miezi hiyo atafunga duka Februari.

Mavazi ya wanaume na ya kazini nayo yamefungua mlango ambao wabunifu wengi hawajauingia. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliwataka watumishi wa umma wavae mavazi yaliyotengenezwa nchini kila Ijumaa. Na mwaka 2023 Rais William Ruto alipoanza kuonekana katika suti za Kaunda, mtindo unaoitwa kwa jina la Kenneth Kaunda wa Zambia, na ambao Watanzania wanaufahamu kwa suti za Chou En-lai alizozivaa Mwalimu Nyerere, maagizo ya suti hizo yaliwafikia mafundi wengi, ingawa Spika Moses Wetang'ula aliupiga marufuku ndani ya Bunge la Taifa mnamo Novemba mwaka huo. Suti ya Kaunda si vazi rahisi. Isipokatwa vizuri begani humfanya mfupi aonekane mfupi zaidi, na ukosi wake ukisimama vibaya humkaba mwenye shingo nene. Basi kila mwanamume aliyeitamani alihitaji mshauri, na wachache sana walimpata. Linganisha hayo na vazi la taifa lililozinduliwa Kenya mwaka 2004, ambalo halikupata wavaaji wengi licha ya jitihada zilizotumika. Vazi lililobuniwa kwa ajili ya watu wote halikumkaa mtu yeyote, ilhali mkato mmoja uliovaliwa na mtu mmoja na kumfaa ulizua mahitaji bila amri.

Juu ya viwanda vikubwa sina mengi. Maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, kama Athi River, huajiri maelfu ya washonaji, na mhitimu anaweza kupata nafasi ya kukata paterni, kupanga uzalishaji au kukagua ubora, kazi zenye mshahara na nidhamu ambayo itamfaa baadaye. Lakini mikato hutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo, na soko hilo limejengwa juu ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 ambayo muda wake ulifikia ukingoni mwisho wa Septemba 2025. Riziki inayotegemea kura za bunge la nchi ya mbali ni ya kushikwa kwa hadhari.

Wahitimu hunung'unika, na wana haki, kwamba kazi zao huibwa. Mbunifu huweka picha ya gauni mtandaoni Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha linaning'inia Kariakoo kwa nusu ya bei. Nembo inaweza kusajiliwa, BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI kwa Kenya, na kila anayeanza biashara afanye hivyo. Hata hivyo mkato wa gauni ni vigumu kuulinda, na kesi hula fedha na miaka. Ushauri ndio usioibika. Anayeiga gauni hawezi kuiga mazungumzo yaliyolizaa, wala daftari la vipimo vya mteja, wala ile kumbukumbu ya mshauri kwamba bi mkubwa huyu hapendi mkono mfupi tangu aungue na mafuta ya moto.

Linalobaki ni hesabu, na hapa vyuo vina dhamana kubwa. Wahitimu wengi hutoza bei ya uzi, zipu na kifungo, wakaongeza kidogo kwa ajili ya mkono, wakasahau pango, umeme, pasi, nauli ya kwenda kununua bitana, na zaidi ya yote wakasahau muda. Tuseme gauni moja limechukua saa moja ya mazungumzo na vipimo, saa mbili za kukata, saa sita za kushona na saa mbili za kulijaribisha na kulimalizia. Fundi wa kawaida hutoza zile sita, na mhitimu anayemwiga hutoa saa tano bure, yaani karibu nusu ya kazi, na ndiyo nusu iliyomgharimu karo. Heri aitenge saa ya ushauri katika risiti, iwe na mstari wake na bei yake, hata ikiwa ndogo mwanzoni, ili mteja azoee kujua kwamba ameinunua. Na kwa kushona, hakuna haja ashindane na fundi wa barazani. Fundi aliyekanyaga cherehani miaka thelathini ana mkono ambao chuo hakiwezi kuutoa, na mhitimu ana jicho na elimu ya mkato. Wakishirikiana kwa mapatano ya haki, mmoja akipokea wateja na mwingine akishona, wote wawili hupata zaidi. Mhitimu amwendee kwa heshima ya mwana kwa mzee wake, naye atafunzwa mengi.

Tanzania, kwa sera yake ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023, imeingiza mkondo wa amali katika shule za sekondari, na maana yake ni kwamba vijana wenye ujuzi wa kushona watazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka. Wakifundishwa kushona tu, watagawana ujira ule ule mdogo wa cherehani. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo waweke katika mwaka wa mwisho, kando ya maonyesho ya jukwaani, mtihani mmoja ambao mwanafunzi atapewa mtu halisi wa mtaani, mwenye umbo lake, kipato chake na shughuli yake, amshauri, amshonee, ampe hesabu iliyoandikwa, na apewe alama kwa kadiri mtu huyo anavyolivaa vazi lile baada ya mwezi mmoja. Na wewe msomaji, kabla hujanunua kitambaa cha harusi ijayo, mtafute kijana mmoja aliyehitimu karibu nawe, mwulize kwanza, umlipe kwa jibu lake.